Dhamana ya Injini

Injini ya boti inayozimikia Kasanga, Kipili au Kirando, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, inazimikia mbali na gereji kubwa. Ziwa hilo liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, uko karibu mita 1,800. Katikati umesimama ukingo wa Bonde la Ufa, na kutoka Kasanga hadi mjini kupitia Matai ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Upande wa mashariki ukingo mwingine unateremka hadi Ziwa Rukwa, lenye maji ya magadi, kina kifupi na tope linalokwaza propela. Mvuvi wa maziwa haya mawili akitaka fundi mwenye vifaa kamili, mara nyingi hana budi kuipandisha injini mlimani. Hufunguliwa kutoka kwenye tezi la boti, hufungwa kwa kamba juu ya gari la mizigo pamoja na magunia ya dagaa, na mpaka irudi chombo kinalala mchangani.

Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo kila mwenye chombo amewahi kujiuliza: kwa nini asifungue mwenyewe? Gharama ya gereji ina mafungu matatu, yaani nauli, spea na hela ya ufundi. Nauli haina mjadala. Spea inashikika mkononi, na hata ikiwa ghali mnunuzi anakiona alichonunua. Inayouma ni hela ya ufundi, kwa sababu aliyeilipa anaondoka bila kitu cha kuonyesha. Fundi amefungua boliti chache, ametoa kipande kidogo cha mpira, ametia kingine, amefunga, na anataka fedha inayoizidi bei ya ule mpira. Malalamiko juu ya jambo hili yana haki fulani ndani yake, lakini yanachukulia kwamba kinachouzwa gereji ni saa za kazi. Kinachouzwa pale ni dhamana, na dhamana ni jambo la dini na falsafa kabla ya kuwa jambo la mfuko.

Kipande hicho cha mpira kinastahili kuelezwa. Injini nyingi za kupachika hupozwa na maji ya ziwa lenyewe. Chini, juu kidogo ya propela, imo pampu yenye gurudumu dogo la mpira lenye mapezi. Likizunguka huvuta maji, yakapanda hadi kwenye silinda, na sehemu yake ndogo ikachuruzika nje ubavuni kama uzi. Nahodha anayeijua kazi yake haupotezi uzi huo machoni. Ukikatika, injini imebakiwa na muda mfupi tu. Bila maji, pisitoni hutanuka kwa joto, hukwaruza ukuta wa silinda, kisha hukwama. Kwa lugha ya gereji, injini imenoki. Mpira wenyewe hulika kwa mchanga wa ufukweni, na huungua upesi injini ikiwashwa nje ya maji. Kuubadili si kazi ngumu kwa mtu mwenye spana na mikono mitulivu. Kazi iko katika kujua kwa nini maji yalikatika. Huenda mpira umekwisha. Huenda tundu limeziba kwa mchanga. Huenda kipande cha mfuko wa plastiki kimeng'ang'ania mlango wa maji. Huenda chumvi imeganda ndani ya njia. Na baada ya hapo kuna swali zito zaidi, kwamba silinda imeshakwaruzwa kiasi gani. Atakayebadili mpira na kuiacha silinda iliyojeruhiwa ataiona injini ikiwaka vizuri ufukweni, na itamwacha katikati ya maji.

Ufipa inaongeza ugumu wake, nao unatokana na hewa. Injini haili petroli peke yake. Inakula petroli na hewa kwa uwiano. Sumbawanga, kwa sababu ya kimo chake, ina hewa nyepesi kuliko ya ufukweni, tofauti ikiwa karibu sehemu moja ya kumi. Injini iliyowekwa sawa kwa ajili ya ziwa, ikiwashwa mjini ndani ya pipa la maji, hupata petroli nyingi kuliko hewa: inatoa moshi, plagi inakuwa nyeusi, mlio unakuwa mzito. Fundi asiyejua habari ya kimo atadhani huo ndio ugonjwa. Atapunguza petroli, pengine atabadili jeti ya kabureta, na mlio utakuwa safi kabisa. Injini itarudi ziwani, ambako hewa ni nzito, ikiwa na petroli pungufu. Kwa injini ya mipigo miwili hatari ni maradufu, kwa sababu oili ya kulainisha pisitoni huja ndani ya petroli ile ile. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua. Pisitoni inapata moto na kukosa kilainisho kwa wakati mmoja. Kazi iliyoonekana njema mlimani inaua injini bondeni, na hakuna aliyedanganya mahali popote. Fundi alisikia kwa masikio yake injini iliyopona.

Mfano huu unaonyesha hela ya ufundi inalipia nini. Fundi anaposema "iko tayari, nenda", anatoa neno lake kwa watu asiowajua: wavuvi watakaokesha na taa mbele ya giza, mama wa biashara anayekwenda gulioni na mtoto mgongoni. Abiria hao wamelipa nauli, lakini hawana namna ya kufunua kifuniko cha injini na kukagua. Wamelikalia neno la fundi kama wanavyokalia ubao wa boti. Ujira ulio wa haki ni ule unaomwezesha fundi kulibeba neno hilo: muda wa kujaribu, kitabu cha vipimo, spana sahihi badala ya koleo, na uwezo wa kusema "spea hii ni feki, siifungi" bila kuogopa kulala njaa.

Dini mbili kubwa za eneo hili zimelifikiria jambo la ujira kwa kina kuliko inavyodhaniwa. Uislamu ulifika kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika na misafara ya biashara ya karne ya 19, na fiqhi, elimu yake ya sheria, inatenga mikataba miwili ambayo gereji huichanganya kila siku. Upo ujira wa ijara, ambao kazi na malipo yake hujulikana tangu mwanzo, na mfanyakazi hustahili malipo kwa kazi aliyoifanya. Upo ujira wa juala, ambao hulipwa kwa matokeo: atakayemrudisha ngamia aliyepotea atapewa kiasi fulani, na asipomwona hana chake. Sasa fundi ameshinda siku nzima akifungua injini, mwishowe akakuta silinda imekufa na haitengenezeki. Je, ana haki ya kulipwa? Kwa ijara ndiyo. Kwa juala hapana. Ugomvi mwingi wa gereji unatoka hapo, kila upande ukiwa na mkataba wake kichwani na hakuna aliyeutamka. Mwenye injini alikuja kununua injini inayowaka, fundi akauza siku yake ya kazi. Wote wawili wana haki kwa mujibu wa mkataba ambao mwenziwe hakuusikia.

Wanafiqhi waliendelea mbele hadi kwenye dhamana yenyewe. Kitu kikiharibika mikononi mwa fundi, nani anabeba hasara? Wafuasi wa Imam Malik walielekea kumbebesha fundi, kwa hoja kwamba mali za watu zingepotea kama kila fundi angeweza kusema tu kwamba kitu kimeharibika chenyewe. Katika madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi Afrika Mashariki, rai iliyo na nguvu zaidi ni kwamba fundi hadaiwi mpaka uzembe uthibitike. Rai ya kwanza inamlinda mwenye mali, ya pili inamlinda fundi maskini asifilisike kwa ajali. Kwa injini za boti rai ya kwanza ina uzito zaidi, kwa sababu hasara ya ziwani haiishii kwenye mali. Hata hivyo anayeichukua rai hiyo ni lazima akubali na matokeo yake: fundi anayebeba hatari atadai ujira mkubwa zaidi, na atakuwa anadai haki yake.

Kwa upande wa Kanisa Katoliki, Wamisionari wa Afrika waliipokea ngome ya Karema, kwenye mwambao huo huo, mwaka 1885, na kutoka huko imani ikapanda hadi Ufipa yote. Miaka sita baadaye, mwaka 1891, Papa Leo XIII alitoa waraka wa Rerum Novarum. Hoja yake moja inaingia moja kwa moja gereji: kukubaliana peke yake hakuufanyi ujira kuwa wa haki. Mtu mwenye njaa hukubali chochote, na kukubali kwake hakufuti deni la haki. Yohane Paulo II, mwaka 1981 katika Laborem Exercens, aliongeza kwamba thamani ya kazi inatoka kwanza kwa mtu anayeifanya, ndipo kwa kitu kinachotoka mikononi mwake. Kijana wa gereji anayelipwa chakula cha mchana kwa kukongoa boliti zilizoshikana kutu anaguswa na maneno hayo kuliko mtu yeyote. Lakini upanga huu una makali pande mbili. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba muuzaji anayeficha kasoro iliyo ya hatari kwa mnunuzi anatenda dhambi na ana wajibu wa kufidia. Fundi anayefunga spea feki kwa bei ya orijino yumo humo. Na yumo pia mwenye chombo anayemficha fundi kwamba injini iliwahi kuzama, akihofia bei kupanda.

Biblia ya Wakatoliki ina kitabu cha Yoshua bin Sira, na sura yake ya 38 inatazama watu wa kazi za mikono mmoja mmoja, mhunzi na mfinyanzi miongoni mwao. Mwandishi anakiri kwamba hawaitwi kwenye baraza la wakuu, kisha anasema kwamba bila wao mji haukaliki, na kwamba sala yao imo katika kazi yao. Ni vigumu kupata utetezi mzuri zaidi wa hela ya ufundi katika maandiko ya kale.

Ufipa haikungoja injini ije ndipo ijue ufundi. Katika falme za Nkansi na Lyangalile chuma kiliyeyushwa kwa malungu, matanuru marefu ya udongo, mengine yakikaribia au kuzidi mita 3, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Mabaki yake bado yamesimama vichakani na kando ya mashamba, na mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameyachunguza kwa miaka mingi. Kilichotoka kwenye lungu hakikuwa chuma cha kufua moja kwa moja. Kilisafishwa kwanza katika tanuru dogo la mivukuto, kintengwe, ndipo mhunzi akapata jembe. Kazi hiyo ilizungukwa na miiko. Fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa, tanuru lilipambwa kama bibi harusi, na wayeyushaji walijitenga na wake zao hadi kazi iishe.

Msomaji wa leo huipita miiko hiyo upesi, akiiweka kwenye fungu la ushirikina. Inafaa kuisimamia kidogo. Lungu lilikusanya jasho la watu wengi: waliokata miti na kuchoma mkaa, waliochimba mawe, waliofinyanga udongo na mabomba ya hewa. Moto ukishindwa, jasho lote hilo limekwenda. Miiko ilimfunga fundi mkuu na kazi yake kwa mwili wake mwenyewe. Hakuweza kuongoza moto mchana na kuishi atakavyo usiku. Dhamana yake haikuandikwa kwenye karatasi, aliiishi mwenyewe. Ni kweli pia kwamba siri ya dawa iliwazuia wengine wasijifunze, na elimu iliyofungwa hupandisha bei. Mambo hayo mawili, kulinda kazi na kulinda soko, yalikaa ndani ya kikapu kimoja, na bado yanakaa pamoja katika kila gereji ambako fundi humgeuzia mteja mgongo anaporekebisha kabureta.

Neno la Kiswahili lenyewe halikubaliani na siri hiyo. Fundi na kufundisha ni wa ukoo mmoja wa maneno, pamoja na mwanafunzi na mafunzo. Aliye fundi amefundwa na anaweza kufunda. Tena katika ngoma za mizimu za pwani, kiongozi wa tiba naye huitwa fundi, jambo linaloonyesha kwamba lugha iliona jambo moja katika kazi hizo mbili: mtu anayeingia mahali ambapo wengine hawaoni, kisha akarudi na neno wanalolitegemea.

Hapa lazima lisemwe jambo ambalo vitabu vya ufundi haviligusi. Jina la Sumbawanga hufasiriwa kwa kawaida kutoka Kifipa kuwa "tupa uchawi", na mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, aliandika mwaka 1968 juu ya Kamcape, harakati ya kuusaka na kuuondoa uchawi iliyopita katika eneo hili. Injini mbili zilizonunuliwa siku moja, moja ikidumu na nyingine ikifa, huamsha haraka neno la mkono wa mtu. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1937 juu ya Waazande, alilieleza jambo hili kwa heshima: ghala likianguka kwa sababu ya mchwa, Mzande anajua kwamba ni mchwa; anachouliza ni kwa nini liliwaangukia watu hawa, saa hii. Maswali ni mawili. Fundi hujibu la kwanza tu, namna injini ilivyokufa. La pili, kwa nini ilikufa usiku ule ikiwa na watu wale, ni swali halali la moyo wa binadamu, na dini zote zina mlango wa kulipokea. Kosa ni kulitumia la pili kufunga la kwanza. Mwenye chombo aliyechanganya oili kwa kukisia, kisha akamtafuta jirani wa kumlaumu, ameikimbia dhamana yake, na injini ijayo itakufa kwa njia ile ile.

Sasa kujitengenezea. Plato, katika mazungumzo yake Hippias Mdogo, anamtaja Hippias wa Elis aliyekwenda Olimpia akijisifu kwamba kila alichovaa amekitengeneza mwenyewe, pete, viatu, joho na mshipi. Tamaa ya Hippias ni ya zamani na ina heshima yake. Asiyemhitaji mtu hadanganywi na mtu. Lakini huko Tanzania neno kujitegemea lina historia nyingine. Katika Azimio la Arusha la Februari 1967, na katika Elimu ya Kujitegemea iliyofuata Machi mwaka huo, Julius Nyerere aliandika juu ya taifa na jamii. Hakuwa na habari ya mtu mmoja anayejitosheleza kama kisiwa. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, lilianzishwa mwaka 1973 katika roho hiyo hiyo: maarifa ya ufundi yakae karibu na watu wanaoyahitaji.

Ukilipima kwa kipimo hicho, swali la kujitengenezea linabadilika sura. Kama kila mwenye chombo wa Kirando atafungua injini yake, kijana wa Kirando mwenye kipaji hatapata injini za kutosha kujifunzia, na hatakuwa fundi. Kama kila injini itapandishwa Sumbawanga, hatakuwa fundi vilevile. Mwambao unaojitegemea ni ule wenye fundi ufukweni, mwenye pipa lake la maji, anayeijua hewa ya pale na mchanga wa pale, na anayelipwa na majirani zake hela ya ufundi bila kinyongo. Fedha hiyo haipandi mlima. Inabaki na kumlea fundi wa pili. Kwa mtazamo huu, anayejitengenezea kila kitu ili asimlipe jirani anaokoa fedha leo na kuudhoofisha mwambao wake kesho, na jambo hilo linastahili kuhesabiwa pamoja na bei ya spea.

Lakini ipo sehemu ya kazi ambayo haiwezi kununuliwa gereji yoyote. Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, alisema kwamba mwenye kutumia kitu hukihukumu vizuri kuliko aliyekiunda: nahodha huujua usukani kuliko seremala. Fundi anaisikia injini kwa dakika kumi ndani ya pipa. Nahodha anaisikia usiku kucha, ikiwa na mzigo na ikiwa tupu, ikipanda wimbi na ikishuka. Mabadiliko madogo ya mlio humfikia yeye kwanza. Kwa hiyo kuna matengenezo, na kuna matunzo, na Kiswahili kimefanya vyema kuyapa majina tofauti. Matunzo ni ya mwenye kutumia. Kupima oili kwa chombo chenye alama badala ya kifuniko cha chupa, mililita 400 kwa lita 20 za petroli pale kitabu cha injini kinapotaja sehemu 50 kwa 1. Kuchuja petroli iliyokaa kwenye madumu. Kukagua plagi na kutazama rangi yake. Kubadili gia oili na kuangalia kama imekuwa nyeupe kama maziwa, dalili ya maji kuingia. Kusafisha propela na kutoa nyuzi za nyavu zilizojiviringa nyuma yake. Kwa Ziwa Rukwa, kuosha injini kwa maji safi kila itokapo, maana magadi hula aluminiamu. Anayemlipa fundi kumfanyia haya yote amelipa mtu amsalie. Mkulima naye jembe hulinunua, mpini hutia mwenyewe.

Mfano mkubwa kabisa wa matunzo katika ziwa hili ni wa meli ambayo wengi wa Kasanga wameipanda. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, kiliunda Graf von Götzen, kikaifungua vipande vipande na kuitia katika masanduku yapatayo 5,000. Ilikuja kwa bahari hadi Dar es Salaam, ikaenda bara, ikaunganishwa Kigoma na kuingia majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani walikuwa wanarudi nyuma, na waliotakiwa kuizamisha ni mafundi wale wale walioiunganisha. Kabla ya kuizamisha walipaka injini zake grisi nene. Meli ikakaa chini ya maji miaka karibu minane, ukitoa kipindi kifupi ambapo Wabelgiji waliiibua ikazama tena. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta injini bado zinafaa, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la sehemu ya kusini ya ziwa ambalo Livingstone alilisikia mwaka 1867. Injini zile za mvuke ziliendelea hadi miaka ya 1970 zilipobadilishwa kuwa za dizeli.

Mafundi wale hawakulipwa na yeyote kwa grisi ile. Hakuna mteja aliyesimama pembeni akingoja risiti. Waliamini watarudi, hawakurudi. Waliofaidika ni adui zao kwanza, kisha vizazi vya wasafiri wa Kirando, Kipili na Kasanga waliobeba samaki, mahindi na wagonjwa wao katika meli hiyo. Falsafa ya ujira, ya Kiislamu au ya Kikatoliki, haina safu ya kuandika kazi ya namna hii. Ni kazi inayofanywa kwa ajili ya kitu chenyewe, na kwa ajili ya mtu asiyejulikana atakayekihitaji. Matunzo yote, hata ya injini ndogo ya mtumbwi wa Kirando, yana chembe ya jambo hilo ndani yake, na ndiyo sababu hayawezi kupangiwa bei.

Hatari kubwa ya kujitengenezea iko kwingine kabisa, nayo imo katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Paulo, ambaye mwenyewe alikuwa fundi wa mahema, anaonya kwamba safari ya meli waliyomo itakuwa ya hasara. Akida wa askari anawasikiliza nahodha na mwenye meli badala yake, na meli inavunjika. Nahodha alikuwa na ujuzi, mwenye meli alikuwa na mali yake ndani. Tatizo ni kwamba wote wawili walitaka kufika. Mwenye chombo anayejitengenezea ana tatizo hilo hilo. Yeye ndiye fundi na ndiye mwenye haraka. Dagaa huvuliwa kwa taa katika giza la mwezi, giza halimngoji mtu, na fundi aliye pia mwenye deni la nyavu husikia injini "imekaa sawa" mapema kuliko fundi asiye na boti. Fundi wa nje, pamoja na kasoro zake zote, hana giza la mwezi analolikimbilia.

Wala imani haifuti hesabu hii. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inamtaja mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu. Mtume akamwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Kutegemea kunaanza pale mkono wa binadamu unapofika mwisho wake. Dua inayosomwa ufukweni, au ishara ya msalaba kabla ya kuvuta kamba ya injini, inamkabidhi Mungu upepo wa kusi na wimbi la ghafla. Gia oili iliyogeuka maziwa haimo katika vitu anavyokabidhiwa.

Kutokana na hayo, mpaka wa kujitengenezea unaweza kuchorwa. Matunzo yote ni ya mwenye chombo. Matengenezo ambayo kushindwa kwake kutamdhuru yeye peke yake, mali yake na usiku wake mmoja wa uvuvi, ana ruhusa kamili kuyafanya, na kosa lake litamfundisha. Matengenezo ambayo kushindwa kwake kutawadhuru wasioweza kufunua kifuniko yanadai mmoja wa watu wawili: fundi anayejibu kwa jina lake, au mwenye chombo aliyekubali kujibu kama fundi. Siku za mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika kwa sababu mwanga unatawanya dagaa, ndizo siku za kulithibitisha jibu hilo. Injini iliyofunguliwa na mwenyewe hufungwa kwenye tezi ufukweni, siyo mlimani. Hupelekwa majini na mtu aliyeifunga, bila abiria, karibu na nchi kavu, akiwa na kafi mbili, plagi ya akiba na maji ya kunywa. Huachwa iungurume kwa mzigo hadi ipate moto wake wote, uzi wa maji ukiendelea kutoka ubavuni. Huzimwa, ikapoa, ikawashwa tena. Fundi wa gereji aliyepokea hela ya ufundi anadaiwa safari hiyo hiyo, akiwa amekaa ndani ya boti pamoja na mwenye injini.